Soko Huria na Bei ya Korosho Malindi

Msimu wa korosho ukikolea, mabroka huingia Marafa, Jilore na Gongoni kwa bodaboda, mizani ya kuning'iniza mkononi, magunia matupu yamefungwa nyuma. Mkulima akilalamikia bei hujibiwa kwa maneno mawili: soko huria. Mazungumzo huishia hapo, kana kwamba bei ni mvua, haina aliyeileta. Katika kazi yetu ya elimu kwa umma tunaulizwa sana kama jibu hilo ni la kweli. Ni la kweli nusu.

Hakuna ofisi inayompangia broka bei ya kununulia. Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Lakini mwaka 2009 Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, yaani ambazo hazijabanguliwa. Hoja ilivutia: zibanguliwe hapa, vijana wetu wapate kazi, badala ya kupelekwa India zikawape wengine ajira. Pwani ilikuwa na sababu ya kuipokea hoja hiyo. Kiwanda cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970, kilikuwa kimeporomoka katika miaka ya 1990, na familia zilizokitegemea hazikuwa zimesahau.

Sasa tuifuate marufuku hiyo hadi shambani, kwa nambari za mfano tu. Mnunuzi wa kupeleka India yuko tayari kutoa shilingi 90 kwa kilo. Kiwanda cha hapa nchini kinatoa 60. Wote wawili wakiwepo, kiwanda kitapandisha bei, la sivyo kikose mali. Yule wa India akiondolewa kwa sheria, 60 inakuwa dari, na hapo chini yake broka anatoa nauli, anatoa faida yake, mkulima anaambiwa 45. Ongeza karo ya Januari, na nyumba isiyo na ghala, na hata 40 ataichukua. Zile shilingi 30 kati ya 90 na 60 hazikupotea baharini. Zimetoka mfukoni mwa mkulima zikaingia kiwandani. Ni ushuru, ila hauna risiti.

Kwa nini sheria iegemee huko? Wenye viwanda ni wachache, wanajuana, na safari moja ya Nairobi kuonana na wakubwa inawalipa. Wakulima ni maelfu, kila mmoja na mikanju yake michache, yaani miti ya korosho. Nauli ya kwenda kulalamika inazidi anachopoteza kwenye gunia. Hahitajiki mtu mwovu kwa mambo kuwa hivyo.

Basi serikali ijinunulie yenyewe? Tanzania ilijaribu. Mwaka 2018 wanunuzi binafsi walipogoma kupandisha bei, Rais Magufuli aliamua serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 za Tanzania kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Mtwara na Lindi walishangilia. Kisha malipo ya wengi yakachelewa, na serikali ikabaki na shehena ya kutafutiwa mnunuzi.

Hapa Kenya mkono wa siasa uko kwenye mengine pia. Kiwango cha juu cha bei ya mafuta, ambacho muuzaji haruhusiwi kukipita, hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, kila mji na chake, kwa hiyo mvuvi wa Lamu anayejaza mashine ya boti hulipia pia gharama ya kuyafikisha huko, juu ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Riba za benki ziliwekewa dari mwaka 2016, kwa nia njema kabisa; benki zikapunguza kuwakopesha wafanyabiashara wadogo, na mwaka 2019 dari ikaondolewa.

Kwa maoni yangu, marufuku ya korosho ghafi haifai kufutwa kwa usiku mmoja, maana wapo wanaokula kwa kubangua. Ila marufuku isiyo na ghala wala wanunuzi wa kutosha inamfanya mkulima mdogo awe mfadhili wa kiwanda bila kuulizwa. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2019: unaweka mazao, unapewa stakabadhi, unaweza hata kukopea wakati ukisubiri bei.

Ni vyema pia kujua mlango wa kubisha. Marufuku ya kuuza nje ni ya Bunge na wizara, huko Nairobi. Ukimlemea mwakilishi wa wadi kwa hilo, unamwonea. Sesi ya mazao, yaani ushuru wa kaunti kwa mazao, ndiyo yake. Hupangwa kwenye mswada wa fedha wa kaunti, ambao sheria inataka wananchi washirikishwe kabla haujapitishwa. Mizani nayo hukaguliwa na maafisa wa kaunti na kupigwa muhuri. Broka akiitundika kwenye tawi la mkanju wako, una haki ya kuuona muhuri huo kabla gunia halijainuliwa.