Mshono wa Jaydev Unadkat

Nafundisha vijana kurusha mpira wa kriketi, na kila anayekuja uwanjani kwangu anataka kasi. Mimi humwonyesha kwanza Jaydev Unadkat wa timu ya Saurashtra, India, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye kasi yake ni ya wastani tu.

Alizaliwa mwaka 1991 Porbandar, Gujarat, mji wa bandari kwenye rasi ya Kathiawar, walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa pwani yetu. Desemba 2010, akiwa na miaka 19, alichezea India mechi yake ya kwanza ya Testi, yaani mechi ya siku tano kati ya mataifa, pale Centurion, Afrika Kusini. Ova 26 za mipira sita sita, mikimbio 101 aliyofungwa, wiketi hakuna, yaani hakumtoa mpigaji hata mmoja. Akaachwa. India ikacheza mechi 118 za Testi bila yeye.

Akarudi Kombe la Ranji, mashindano ya majimbo, mara nyingi kwenye viwanja vikavu vilivyoshindiliwa, ambako mpira unadunda na kunyooka bila kumsumbua mpigaji. Hapo mrushaji hubaki na mshono wake.

Mpira mwekundu una nyuzi zilizoinuka kidogo, kama kovu lililouzunguka katikati. Weka kidole cha shahada upande mmoja wa mshono, cha kati upande wa pili, gumba chini. Kifundo cha mkono kikikaa nyuma ya mpira barabara wakati wa kuuachia, mshono husafiri umesimama. Ukitua juu ya nyuzi hizo, mpira hukata kulia au kushoto, na mpigaji ameshapiga hatua, hana pa kurudi. Kuna vijana wangu wanaohitaji mwaka mzima kuunyoosha mshono huo hewani, na hilo halinishangazi.

Wengi wanamjua kwa mnada wa IPL, ligi ya kulipwa ya India, wa 2018, aliponunuliwa kwa rupia milioni 115. Mimi namhesabia msimu wa Ranji wa 2019-20: wiketi 67, rekodi ya warushaji wa kasi katika msimu mmoja, tena akiwa nahodha. Fainali ilikuwa Rajkot, Machi 2020, dhidi ya Bengal. Saurashtra walikuwa na mikimbio 425, na mechi ikiisha sare, anayeongoza awamu ya kwanza ndiye bingwa. Siku ya tano, majukwaa matupu kwa sababu ya korona, Bengal walihitaji mikimbio 72 zaidi ili waongoze, wakiwa wamebakiza wiketi nne. Unadkat akamnasa Anustup Majumdar, mguu wake ukizuia mpira uliokuwa ukielekea kwenye vijiti vilivyo nyuma yake. Katika ova hiyohiyo akamwona Akash Deep nje ya mstari wake, akalenga vijiti, akamtoa. Bengal wakaishia 381, na Saurashtra wakabeba Ranji kwa mara ya kwanza.

Desemba 2022 aliitwa tena, Mirpur, dhidi ya Bangladesh. Zakir Hasan ndiye wiketi yake ya kwanza ya Testi, miaka 12 tangu Centurion.

Wiki mbili hazijaisha, Januari 2023, Rajkot, akawarushia Delhi ova ya kwanza ya mechi. Mpira wa tatu, Dhruv Shorey nje. Wa nne, Vaibhav Rawal. Wa tano, Yash Dhull. Delhi wakafika mikimbio 10 wakiwa wamepoteza wiketi saba, naye akamaliza na wiketi nane kwa mikimbio 39. Video ya ova hiyo ninayo kwenye simu. Huirudisha polepole mpaka mpira unapotoka mkononi, nikawaambia vijana wasimtazame mpigaji, wautazame mshono.