Lucuma: utamu wa tunda zima kutoka Peru

Lucuma ni tunda la mti usiopukutisha majani, unaoota kwenye mabonde ya milima ya Andes, hasa Peru, na pia Ecuador na Chile. Wataalamu wa mimea huuita Pouteria lucuma. Ganda lake ni jembamba na la kijani. Ukilipasua unakuta nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea, kavu na yenye ungaunga kama kiazi lishe kilichochemshwa kikapoa, na katikati kokwa kubwa za kahawia zinazong'aa. Halichuruziki maji kama embe. Ndiyo maana tunda hili hukaushwa na kusagwa unga kwa urahisi, na unga huo ndio siku hizi unaouzwa nchi za mbali kama kiongeza utamu cha asili.

Kwao lucuma ni chakula cha miaka mingi. Wamoche, waliostawi pwani ya kaskazini ya Peru kabla ya dola ya Wainka, walifinyanga vyombo vya udongo vyenye umbo la tunda hili. Katika simulizi za Huarochirí, milimani juu ya Lima, mwanamwali Cavillaca anapata mimba baada ya kula lucuma iliyotiwa mbegu ya uzazi na mungu Cuniraya Viracocha. Leo Mperu ukimuuliza aiskrimu gani anaipenda, usishangae akikutajia lucuma kabla ya chokoleti. Nchini Chile wanaipanga katika keki pamoja na ute wa yai uliopigwa na sukari ukaokwa.

Tunda bichi lina utomvu mweupe na halifai kuliwa. Hata likishakomaa huachwa siku kadhaa mpaka lilainike. Aina zake kuu ni mbili: lúcuma de seda, ambayo nyama yake ni laini na huliwa hivihivi, na lúcuma de palo, ngumu kidogo, inayofaa zaidi kwa unga.

Sasa, kiongeza utamu cha asili maana yake nini? Hapa watu wengi huchanganya vitu vitatu visivyofanana. Kuna stevia, jani la kutoka Paraguay, ambalo viini vyake vilivyochujwa vina utamu unaozidi sukari zaidi ya mara 200 na havitii nguvu ya kuhesabika mwilini. Kuna asali na sharubati za mimea, ambazo kwa sehemu kubwa ni sukari na maji. Halafu kuna unga wa tunda zima, kama huu wa lucuma: sukari ya tunda imo, lakini imo pamoja na nyuzinyuzi, wanga, madini na rangi za tunda lenyewe. Anayeuza unga huu kwa maneno ya "hauna sukari" hasemi kweli. Una glukosi, fruktosi na sukrosi. Karibu robo ya uzito wa nyama ya tunda lisilokaushwa ni wanga na sukari, na maji yakikauka kiasi hicho hujikusanya kwenye unga.

Faida yake basi iko wapi? Ya kwanza ni rangi. Uchungwa ule unatokana na karotenoidi, yaani rangi za asili za mimea, ikiwemo beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho, ngozi na kinga ya mwili. Ni kirutubisho kilekile tunachokipata kwenye papai, karoti na viazi lishe, na hufyonzwa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Sukari nyeupe haina hata chembe yake. Ya pili ni nyuzinyuzi, ambazo husaidia choo na hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Ya tatu, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, ni kwamba utamu wa lucuma ni mpole na una harufu nzito, kama sukari iliyoungua kidogo. Ukiutia kwenye uji au maziwa, ladha inajaa mdomoni, na ile hamu ya kuongeza sukari inapungua.

Kuna wanaodai kwamba lucuma hutibu kisukari. Kweli, watafiti wamepima dondoo za tunda hili na kuona kwamba zinazuia kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa glukosi. Ila hayo yalifanyika kwenye vyombo vya maabara, na kutoka hapo hadi dawa ya binadamu ni safari ndefu. Mwenye kisukari auhesabu unga huu kama wanga wowote mwingine anaokula, apime sukari yake kama kawaida, na asiache dawa kwa sababu ya tunda lolote lile. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa neno "asili" limewafanya watu waamini mambo yanayowaumiza.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji pamoja na iliyomo kwenye asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu vitatu vimekwisha kufika hapo, kabla hujagusa soda wala andazi. Mwaka 2023 shirika hilohilo likashauri watu wasitegemee viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, ili kupunguza uzito. Njia wanayoielekeza ni kuzoeza ulimi utamu mdogo, na kuupata kwenye matunda yenyewe.

Ukiupata unga wa lucuma, soma lebo kwanza. Orodha ya viambato iwe na kitu kimoja tu, lucuma, kwa sababu kuna wanaouchanganya na sukari. Hauyeyuki wote kama sukari, kwa hiyo kwenye chai ya rangi utabaki chini ya kikombe. Unakubali zaidi kwenye maziwa, mtindi, uji na keki. Anza na kijiko kimoja badala ya sukari, si juu ya sukari uliyokwisha kutia.