Kihisi hakihesabu bakteria

Kazini mafundi huita kihisi "sensa". Mgeni akisikia "leo tunasafisha sensa" huwaza makarani wa mwaka 2022 wakipita nyumba kwa nyumba. Tunacheka, lakini hata wanaotujua hudhani kile kijiti tunachokichovya kwenye tangi la majitaka kinahesabu bakteria. Hakihesabu hata mmoja. Kinapima oksijeni iliyoyeyuka majini, basi.

Wapo wanaopima wingi wa bakteria kwa kupitisha mwanga majini na kuangalia ukungu. Maabarani sawa. Kwenye majitaka, tope nalo ni ukungu, na bakteria aliyekufa hufifisha mwanga sawa na aliye hai.

Mimi nasikiliza pumzi. Maji ya nyuzi joto 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita; tangini tunapuliza hewa ili zibaki kama 2. Nikitaka kujua hali ya bakteria, nachota sampuli, naijaza hewa, nafunika, kisha natazama mstari wa oksijeni kwenye skrini. Ukiporomoka, walaji wapo kazini. Ukijivuta, ama wana njaa ama wamekula sumu ya kiwanda fulani huko juu. Hapo natia chakula kidogo. Mstari ukiinama, ilikuwa njaa tu. Usipoinama, naanza kupiga simu.

Lakini si bakteria wote wanaovuta oksijeni. Kule Rifle, jimbo la Colorado, Marekani, usagaji wa madini uliacha urani, metali yenye mionzi, kwenye maji ya ardhini. Watafiti waliingiza asetati, jamaa wa siki, ili kuwalisha Geobacter, bakteria wa ardhini wasiohitaji oksijeni. Hawa hula asetati na kusukuma elektroni, chembe ndogo za umeme, kwenye chuma cha udongoni, na kwenye urani pia. Urani iliyoyeyuka ikageuka isiyoyeyuka na kubaki ardhini. Katika jaribio la 2002 kiwango chake majini kilishuka. Baadaye chuma kinachofaa kikapungua, bakteria wanaotumia salfeti, aina ya chumvi, wakashika zamu, na urani ikaanza kupanda tena. Asetati bado ililiwa! Ungehesabu vichwa tu, ungedhani mambo shwari.

Ndiyo maana naipenda mbinu iliyojaribiwa hapohapo miaka ya baadaye: elektrodi za grafiti, yaani vipande vinavyopitisha umeme, zilizikwa ardhini, Geobacter wakajibandika juu yake na kuzimwagia elektroni. Umeme ule mdogo ndio usomaji wenyewe. Bakteria amegeuka kuwa sehemu ya kifaa.

Kwangu, kujibandika huko ni balaa. Usiku mmoja skrini ilionyesha oksijeni 0.3. Mfumo ukapuliza hewa kwa nguvu zote, namba haikutikisika, nami nikaamini kuna mzigo mkubwa wa uchafu umeingia. Asubuhi nikavuta kijiti: kichwa kimevaa ute mnene. Bakteria waliokaa juu yake walikuwa wanamaliza oksijeni kabla haijafika kwenye kihisi. Nilipopangusa, ikaruka hadi 6. Tangi lilikuwa limeshiba hewa usiku kucha, na bili ya umeme ya mwezi ule sikuitetea mbele ya bosi.

Siku hizi kitambaa na chupa ya maji safi vinaning'inia kwenye reli ya tangi. Tunapangusa Jumatatu na Alhamisi, na anayepangusa anaandika namba mbili: ya kabla na ya baada.