Mashine ya kupura ya kuhamahama

Waskoti huiita kinu, na jina hilo hupoteza wengi, maana mashine hii haisagi chochote. Kazi yake ni kupura na kupepeta. Wala haivuni: ngano au shayiri ilikatwa kwanza, ikafungwa miganda na kurundikwa, kisha mashine ikaja ikikokotwa na injini ya mvuke, baadaye trekta, kutoka shamba hadi shamba. Kombaini, inayokata na kupura kwa mkupuo mmoja, iliiondoa kazini Uingereza hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Asili yake ni ngoma ya kupura ya Andrew Meikle, fundi wa Scotland, miaka ya 1780. Haikupendwa na kila mtu: mwaka 1830 vibarua wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, walivunja mashine za kupura, kwa kuwa kupura kwa mkono ndiko kulikowalisha majira ya baridi.

Mtu aliye juu ya mashine hukata kamba ya mganda, huutandaza na kuulisha mdomoni mwa mashine. Ndani kuna ngoma yenye pau za chuma, mara nyingi nane, ikizunguka karibu na wavu wa chuma uliopinda kuifuata. Punje hupenya wavu; mabua hutupwa kwenye vitikisio vinavyoyasukuma nje huku vikikung'uta punje zilizonasa. Chini yake chekeche na feni huondoa makapi, na mwishoni punje hugawanywa kwa ukubwa na kuingia magunia tofauti.

Ngoma ya kipenyo cha sentimita 55 hivi huenda mizunguko 1,000 hadi 1,100 kwa dakika. Nafasi kati yake na wavu huwa pana juu, kama milimita 25, na hupungua hadi 6 au 10 chini. Ukibana mno, au mwendo ukizidi, punje hupasuka. Ukilegeza mno, masuke hutoka na punje zake. Feni ikivuma kupita kiasi, ngano nzima hupeperuka na makapi.

Kabla ya yote, mashine isimame sawa kwa pimamaji, hata kama ni kuchimbia magurudumu ya upande mmoja. Ikiinama, punje hukusanyika pembeni mwa chekeche na kumwagika. Puli ya injini na ya ngoma zitazamane sawasawa, la sivyo mkanda unaoziunganisha na kuendesha ngoma utachomoka. Mkanda wenyewe ni mrefu kwa makusudi: uzito wake husaidia kushika puli, na cheche hubaki mbali na mabua.

Kwa mashine iliyofufuliwa, tazama mbao kwanza, kwani bungua, wadudu watoboao mbao, hula fremu kimyakimya. Pau za ngoma hubadilishwa kwa jozi zinazokabiliana, zenye uzito sawa. Ngoma isiyo na mizani hutikisa mashine mpaka nati zilegee. Izungushe kwa mkono kabla ya kuunga mkanda. Gusa beringi mara kwa mara, maana beringi ya moto katikati ya makapi ni kiberiti. Kinga ya mdomo wa ngoma isiondolewe kamwe. Uingereza iliilazimisha kwa sheria tangu 1878, baada ya walishaji wengi kupoteza miguu na mikono.

Ikimaliza kazi, izunguke tupu dakika chache. Panya hufuata punje zilizobaki, na zikiisha huhamia kwenye mikanda.