Mnataka matuta mbele ya shule? Anzeni na saa ya simu kabla ya barua

Siku shule zikifunguliwa, pita asubuhi kwenye barabara ya Busia kuja Iganga hapa Uganda utaona mtoto wa P1, darasa la kwanza, amesimama pembeni ya lami anangoja trela zipite. Zinapita tatu, nne, inakuja taksi inaovateki, nyuma yake boda mbili, na mtoto bado anangoja, mwishowe anachoka anakimbia tu. Mimi ni injinia wa barabara na sehemu ya kazi yangu ni kusoma barua za wananchi wanaoomba matuta, zebra na vibao. Maombi mengi yanakwama kwa sababu barua inasema "magari yanakimbia sana, tunaomba hampu" halafu basi, muhuri wa LC1 (serikali ya kijiji) chini. Injinia akienda na hiyo barua kwenye kikao cha bajeti hana la kusema, anayeomba kalavati ana picha na hesabu, wewe una kilio tu.

Kwa hiyo leteni hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji mashine. Pimeni mita 50 kando ya barabara karibu na geti la shule, wekeni jiwe mwanzo na jiwe mwisho, halafu mtu akae mahali ambapo madereva hawamuoni vizuri, maana wakiona mtu na kitabu wanapunguza mwendo na hapo mmeshajidanganya. Gari ikipita jiwe la kwanza anawasha saa ya simu, ikipita la pili anazima. Chukua 180 gawanya kwa hizo sekunde, unapata kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni mwendo wa 30, sekunde 3 ni 60, na sekunde 2 ni 90, ambayo mbele ya shule ni hatari ya kifo kabisa. Fanyeni saa watoto wanaingia na saa wanatoka, siku mbili tatu, na andikeni zote hata zile za polepole. Ukiwa na magari 20, zipange kutoka la polepole mpaka la mbio halafu angalia la 17, huo ndio mwendo sisi mainjinia tunautazama kwanza, kwa sababu unaonyesha barabara yenyewe inamruhusu dereva kukimbia kiasi gani, si ule wazimu wa mtu mmoja. Hesabuni pia watoto wanaovuka, na wanavukia wapi hasa, maana mara nyingi zebra inachorwa mahali ambapo hakuna mtoto anapita.

Kwa nini mbele ya shule tunashikilia sana mwendo wa 30? Dereva akiona mtoto mbele anachukua kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Akiwa na 30, kwenye lami kavu na breki nzima, gari inasimama ndani ya kama mita 13. Akiwa na 50, hizo mita 13 zinaisha ndo kwanza anaanza kukanyaga breki, maana yake mahali ambapo yule wa 30 ameshasimama, huyu wa 50 anamgonga mtoto na mwendo wake wote, na trela yenye mzigo ni mbaya zaidi ya hapo. Kanuni zetu za mwendo za 2024 zimeweka 30 sehemu za shule. WHO, Shirika la Afya Duniani, nao wanasema ajali za barabarani ndizo zinaua watu wa miaka 5 mpaka 29 kuliko kitu kingine chochote duniani. Hao ndio watoto wetu na vijana wetu wa boda, jamani.

Sasa barua inakwenda wapi? Hapa ndo watu wanapoteza miezi. Barabara kuu kama hiyo ya Busia ni ya serikali kuu, zamani mlikuwa mnaandikia UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, lakini tangu mwisho wa 2024 kazi yake imerudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barabara ya wilaya ni ya injinia wa wilaya, barua inapitia kwa CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Ya mjini ni ya munisipali au taun kaunsil, andika kwa karani wa mji yule tunamuita taun klaki. Kampala ni KCCA, mamlaka ya jiji. Zile njia ndogo za vijijini ziko chini ya sabukaunti. Ukikosea mlango, barua inaweza kukaa kwenye faili ya mtu ambaye hata akitaka hawezi kuweka jiwe kwenye hiyo barabara. Isainiwe na hedimasta, kamati ya wazazi na mwenyekiti wa LC1, nakala moja kwa OC Trafiki, mkuu wa trafiki wa stesheni yenu ya polisi, na akikubali kuwapa idadi ya ajali zilizoandikwa pale mahali, iwekeni ndani. Na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakinyamaza, kuna sheria ya 2005 ya haki ya kupata habari, unaandika kuuliza ombi letu limefika wapi na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Wakati pia una maana. Mwaka wa fedha unaanza Julai, ila mipango ya wilaya inajadiliwa Oktoba na Novemba, na kufika mwisho wa Mei bunge linatakiwa liwe limepitisha bajeti. Barua ya Juni, hata kama ni nzuri, imechelewa mwaka mzima. Pelekeni Agosti au Septemba, na diwani wenu awe anaijua kabla ya kikao.

Ndani ya barua elezeni shida, msing'ang'anie dawa moja. Tuta linafaa kwenye lami, lile la mviringo la kawaida lina urefu wa kama mita 3.7 kufuata barabara na kimo cha sentimita 10, likiwa fupi kuliko hapo na kimo kikubwa linavunja magari na kuangusha boda. Kwenye barabara ya moramu, isiyo na lami, tuta halikai, greda ikipita limekwenda, hapo bora vibao, njia ya miguu pembeni, au kuhamisha geti. Geti mimi nalipenda sana, kulitoa kwenye barabara kuu na kuliweka upande wa kijia ni gharama ndogo na watoto hawamwagiki tena kwenye lami kengele ikilia. Jirani zetu Dar es Salaam walifanya hivi, mpango wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka matuta, zebra, njia za miguu na mageti karibu na shule za msingi, na 2019 ukapata tuzo kubwa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI.

Ila nawaomba sana, msijenge tuta wenyewe usiku kwa udongo na mawe. Najua uchungu wa kuzika mtoto halafu ofisi inakwambia subiri. Lakini tuta bila kibao na bila rangi, mtu wa boda analikuta gizani na mke nyuma na mtoto katikati, na likiziba mtaro mvua inakata barabara. Wakati mnangoja, mzazi mmoja mmoja kwa zamu avushe watoto asubuhi na jioni, na muombeni OC Trafiki askari kwa wiki ya kwanza ya muhula.

Matuta yakishawekwa, rudini na mawe yenu mawili na simu. Gari ya 17 bado inapita kwa sekunde 4? Hiyo ni 45, tuandikieni tena na hizo namba mpya, na rangi ya zebra ikianza kufutika msingoje iishe.