Sanaa shirikishi ni nini?

Sanaa shirikishi ni kazi ya ubunifu isiyokamilika mpaka watu waitie mkono. Msanii anaianzisha na kuiachia nafasi. Mpita njia anaijaza, na alichoweka kinaonekana. Kama kazi ingebaki ileile hata usingekuwepo, hapo hukushiriki, ulitazama tu.

Jina ni jipya, lakini Usukumani jambo lenyewe ni la siku nyingi. Kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana unaona mtu anacheza na chatu shingoni. Ukihama kwa Bagika ukaenda kwa Bagalu, umeshabadili matokeo kwa miguu yako mwenyewe.

Kazi kubwa ya mbunifu ni kuipima ile nafasi. Mwaka 2011, mjini New Orleans, Marekani, msanii Candy Chang aliugeuza ukuta wa nyumba iliyotelekezwa kuwa ubao, akaandika mara nyingi maneno "Kabla sijafa nataka…" na kuacha mistari mitupu na chaki. Kesho yake ukuta ulikuwa umejaa. Mimi naamini ile nusu sentensi ndiyo iliyofanya kazi: tayari imekushika, imebaki kumalizia.

Sisi hilo tulilikosea pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Tulisimamisha ubao: "Andika chochote kuhusu ziwa." Asubuhi nzima haukuguswa. Mama mmoja muuza dagaa akatuuliza, "Wanangu, chochote ndiyo nini?" Na kweli, mtu ana ndoo kichwani, mikono imejaa vumbi la dagaa, wewe unampa chaki na swali lisilo na mlango.

Tuliporudi tulisimika nguzo, tukaweka vipande vya khanga na swali moja la kuulizwa kwa mdomo: mwaka 2020 ziwa lilipojaa, maji yalikufika wapi? Funga kitambaa hapo. Tukawaambia mapema kwamba nguzo itabaki sokoni wiki nzima, maana mtu ana haki ya kujua alichotoa kinaenda wapi.

Yule mama alifunga chake usawa wa kiuno. Kuli mmoja akambishia, akakishusha hadi gotini, akawaza kidogo, akakirudisha kiunoni na kukikaza kwa mafundo mawili.