Ukurasa wa msaada ukifunguliwa sana, nani kasaidika?

Mkazi wa Isevya, hapa Tabora mjini, anatafuta kumbukumbu namba ili alipe bili ya maji. Anafungua ukurasa wetu wa msaada, mtandao unasuasua, anarifreshi mara tatu. Jioni mwanawe anauangalia tena kwa simu hiyo hiyo. Sisi wa dawati la huduma kwa wateja tunaona ukurasa umefunguliwa mara 5, kumbe mwenye shida alikuwa mmoja.

Kuna programu pia, kama zile za Google, zinazojipitia zenyewe kwenye kurasa ili kuziorodhesha. Zisipochujwa, nazo huhesabika. Na simu iliyohifadhi nakala ya ukurasa huweza kuuonyesha bila kuiuliza seva, yaani kompyuta inayotuma kurasa zetu, basi kwenye kumbukumbu za seva hauonekani kabisa.

Dukani, wateja wakiingia kwa wingi ni heri. Dawati la msaada ni kama foleni ya zahanati: ikirefuka, uliza watu wanaumwa nini. Makala ya "bili yangu imepanda ghafla" ikianza kufunguliwa kuliko kawaida, sishangilii. Namtafuta msoma mita wa eneo husika na watu wa ankara.

Ninachokithamini kuliko idadi hiyo ni maneno ambayo wateja wameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia wakatoka mikono mitupu. Mtu anaandika "wamenikatia maji". Makala yetu inaitwa "Usitishaji wa huduma". Jibu lipo, limeandikwa vizuri, lakini hakuna anayelifikia kwa sababu tumelipatia jina la ofisini. Makala ya namna hiyo huwa na wasomaji wachache, na bosi asiye makini ataamuru ifutwe. Ibadilisheni jina kwanza! Kisha tazameni kama tiketi (maombi ya msaada yaliyosajiliwa) na simu za swali hilo zinapungua.

Sasa, upande wako. Ukifungua ukurasa, kwa kawaida seva huandika saa, ukurasa ulioutaka, aina ya kivinjari na anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti. Ukiwa umeingia kwa akaunti yako, tunaweza kuyaunganisha hayo na jina lako, na hapo lazima tuwe waangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Una haki ya kuuliza taasisi inahifadhi nini kukuhusu, na usiporidhika, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

Ukitumia simu ya jirani au kompyuta ya stesheneri, toka kwenye akaunti kabla ya kuondoka. Na chini ya makala, tunapouliza kama jibu limekusaidia, usione haya kubonyeza "Hapana". Ukiondoka kimya, kwenye hesabu yetu unafanana na aliyepata jibu.